Kizibo Ndani ya Kiatu

Jumapili ile Bibi Kokuhirwa alikwenda kanisani, akasimama kwa Injili, akapiga magoti wenzake walipopiga, akarudishwa kwa gari mpaka nyumbani kwa mwanawe pale Ndama, na muda wote huo alikuwa na kizibo cha soda ndani ya kiatu cha kulia. Hakujua.

Aliyekiona ni Nikuze. Huyu alikuwa jirani yake wa zamani kule Bweranyange, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakafanya vibarua mpaka wakaota mizizi. Siku hiyo alikuja kumsalimu na mkungu wa ndizi kichwani. Akamkuta bibi amezama kwenye kochi kama gunia la maharage lililowekwa likasahauliwa, miguu imevimba, viatu vimembana kama vimeshonewa mwilini.

"Ngoja nikuvue, Mama, miguu ipumue," Nikuze akasema, akachuchumaa.

Kiatu kikatoka kwa kuvutwa. Kizibo kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikalala. Soksi ilikuwa imelowa damu.

"Mama! Hiki hakikuumi?"

"Kipi?"

"Hiki! Kimekuchimba shimo hapa chini ya kidole gumba."

Kokuhirwa akajaribu kuinama aone, tumbo likamkatalia. "Mimi nikadhani huo ni mguu wa jirani," akasema, akacheka.

Nikuze hakucheka. "Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Chako kimehamia kiatuni, na wewe unaimba Aleluya."

Kizibo chenyewe kilikuwa cha soda ya machungwa, ile aliyokunywa Jumamosi wageni walipokuja. Kilidondoka kutoka mapajani, kikaingia kiatuni, na mguu haukusema neno. Hilo ndilo lililomtisha bibi baada ya kicheko kuisha. Mguu aliokaa nao miaka sabini na moja ulijua siri ukanyamaza.

Miaka miwili nyuma usingemkuta Kokuhirwa amekaa. Jua likichomoza, alikuwa amekwisha kukamua, ameshuka bondeni kuteka maji, amepanda na mzigo wa majani ya ndama, ameingia migombani kupogoa. Watoto wa Bweranyange walimwita Bibi Hakai. Mumewe Melkiory alipofariki, Muhangi, mtoto wake wa pekee aliyebaki hai, alikuja na gari.

"Mawe," akasema, maana ndivyo alivyomwita mama yake tangu utoto, "umetuhangaikia vya kutosha. Mama wa Muhangi hatashika jembe tena."

Kokuhirwa alikubali kwa sharti moja. Ng'ombe wake Bihogo na mitamba wake wawili wabaki Bweranyange kwa mchungaji, naye awe anakwenda kuwaona. Bihogo alikuwa wake mwenyewe, hakuwa wa ukoo wala wa mume. Baba yake ndiye aliyempa ng'ombe aliyemzaa Bihogo huyo. Muhangi akaapa mbele ya kaburi la baba yake kwamba itakuwa hivyo.

Basi akakalishwa. Na katika koo zile za wafugaji, kukaa si uvivu. Bibi yake Kokuhirwa, siku za uchumba wake, aliketishwa nyuma ya pazia la nyasi miezi minane akinyweshwa maziwa asubuhi, mchana na jioni, mpaka siku ya kutoka akashikiliwa na wanawake wawili, huku na huku. Waliompokea walipiga vigelegele: huyu katoka kwenye boma lenye ng'ombe! Mwanamke anayekaa alikuwa tangazo la mali ya mumewe, na mama anayekaa ni tangazo la mali ya mwanawe. Muhangi alilitundika tangazo lake sebuleni, karibu na televisheni.

Mkwewe, Rozi, hakuwa na ubaya. Bibi akinyanyuka kufuata kikombe, Rozi kamtangulia. Akishika ufagio, ananyang'anywa kwa kicheko: "Mama, unataka watu waseme nimekufanya kijakazi?" Chai ilikuja na vijiko vinne vya sukari. Maziwa yalikuja, mkate ukaja, soda ikaja kwa kila mgeni, na wageni walikuwa wengi.

Mwaka haujaisha, ikaja kiu. Anakunywa kama ndama aliyeachishwa, anakwenda chooni mara hazihesabiki, macho yanaona ukungu mchana kweupe. Siku moja akaanguka bafuni. Muhangi akampeleka zahanati. Nesi akamchoma kidole, akamlaza kitandani, halafu akaongea na Muhangi mlangoni, kwa muda mrefu. Muhangi aliporudi alikuwa anakunja daftari la mgonjwa akilitia mfukoni.

"Mawe, moyo wako umechoka. Wamesema usitembee kabisa. Ukae. Safari za Bweranyange uziweke pembeni kwanza."

Na yeye alikuwa amekwisha kupanga safari hiyo, aende amwone Bihogo akizaa. Akaiweka pembeni. Vidonge alivyopewa vikaisha, na hakuna aliyemwambia kwamba havikutakiwa kuisha.

Sasa, Jumatatu ya baada ya kizibo, Muhangi alikuwa amekwenda Bukoba kufuata mabati ya dukani kwake. Nikuze, aliyelala pale, akasema hawezi kurudi Bweranyange akiacha shimo lile mguuni. Wakaita bodaboda.

"Rozi, mwanangu, daftari langu la zahanati liko wapi?" bibi akauliza.

Rozi akafungua kabati la mumewe, akalitoa chini ya risiti, akampa. Hakuwa na habari ya kilichomo.

Kwenye benchi la zahanati watu walikuwa wengi. Nikuze akaenda kutafuta maji. Kokuhirwa, kwa kukosa la kufanya, akafungua daftari. Alisoma mpaka darasa la tatu, baba yake akamtoa akachunge ndama, kwa hiyo herufi alizifahamu kama mtu anavyofahamu ndugu wa mbali: ukipewa muda, jina linakuja. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza akaanza kusogea nacho.

Sukari kumi na sita. Mgonjwa anakaa muda mrefu. Atembee kila siku nusu saa. Aache soda na sukari. Asikose vidonge. Arudi baada ya wiki nne.

Akarudi nyuma. Pengine amekosea. Akalitafuna lile neno silabi kwa silabi, a-te-mbe-e, mzee mmoja kwenye benchi akamtazama. Neno halikubadilika. Chini kabisa kulikuwa na maneno mawili zaidi: Ndugu ameelezwa.

Nikuze aliporudi na chupa ya maji alimkuta bibi amefumba macho, daftari limebanwa kifuani.

"Mguu umeanza kuuma?"

"Ungeuma ningeshukuru," akasema Kokuhirwa.

Nesi alikuwa yule yule, Ankunda, binti mwembamba wa kuongea haraka. "Shikamoo bibi. Mwaka mzima! Nilisema wiki nne." Akachoma kidole, kisha akatazama kipimo. "Kumi na tisa. Bibi, ulikuwa unatembea?"

"Nilikuwa nakaa. Niliambiwa umesema nikae."

"Mimi?" Ankunda akachukua daftari, akasoma mwandiko wake mwenyewe, akamtazama Nikuze, akamtazama bibi. "Nilimweleza mwanao pale mlangoni. Nikamrudia maelezo mara mbili, kwa sababu aliniuliza kama kukaa kutakudhuru sana."

Aliuliza. Kokuhirwa akalishika neno hilo. Kumbe hakuwa amesikia vibaya. Aliuliza bei ya jambo, akajibiwa, akalifanya.

"Unanielewesha, mwanangu?" akasema. "Kukaa kunafanyaje?"

Ankunda akavuta kiti. "Umeshawahi kunywa pombe yetu ya ndizi, rubisi, kwa mrija?"

"Nimezaliwa Karagwe."

"Mrija ukiuacha na rubisi ndani bila kuuosha, unakuwaje?"

"Unanata. Unaziba. Sisimizi wanahamia."

"Haya. Misuli ya miguu ndiyo mlaji mkubwa wa sukari mwilini. Ukitembea, inakula. Ukikaa kutwa, sukari inakosa mlaji, inabaki ndani ya damu. Damu yenye sukari inaharibu mishipa taratibu, ile mikubwa ya moyo na ile midogo ya vidoleni. Damu haifiki vizuri. Vidole vinakufa ganzi. Ndiyo maana kizibo kimekuchimba na hukusikia. Na kidonda kisichopata damu hakiponi. Kikioza, tunakata."

"Mnakata kidole?"

"Tunaanza na kidole."

Kokuhirwa akashuka kitandani papo hapo, akatafuta kiatu. "Basi natembea. Naanza leo, kutoka hapa mpaka nyumbani."

Ankunda akamshika bega. "Bibi, leo ndiyo huwezi. Ukikanyagia hicho kidonda unakimaliza. Sasa hivi ni vidonge, kusafisha kila siku, na mguu juu mpaka kifunge."

"Yaani mwaka jana nilipotakiwa kutembea nilikalishwa, na leo nikitaka kutembea nakalishwa?"

Nesi akainamia mguu. Akafunga bandeji polepole. Kisha akasema, "Mikono haina kidonda. Kuna kazi ya mikono unayoijua, ya mtu aliyekaa?"

"Kusuka maziwa," akasema bibi bila kufikiri. Kulitikisa lile buyu kubwa mapajani, mbele na nyuma, saa nzima, mpaka siagi ijitenge. Wanawake wa kwao walizaliwa wakisikia mlio huo.

"Basi tikisa, bibi. Kila siku. Hiyo siagi wape wengine."

Muhangi alirudi kesho yake jioni. Akamkuta mama yake kwenye kochi lile lile, mguu juu ya stuli, daftari limefunguliwa mapajani.

"Soma hapa," akasema Kokuhirwa.

"Mawe, nani kakupa hilo?"

"Sijauliza nani kanipa. Soma. Kwa sauti, kama unavyosoma masomo kanisani."

Akasoma. Alianza kwa haraka, kisha sauti ikapungua, na alipofika mwisho ilikuwa kama ya mtoto aliyevunja chungu. "Ndugu ameelezwa."

"Ndugu ni nani?"

"Ni mimi."

"Alielezwa?"

"Alielezwa, Mawe."

"Mimi nilikuwa kitandani, hatua kumi kutoka mlangoni. Mbona sikuelezwa?"

Muhangi akajifuta uso. Alikuwa mtu mnene, mjumbe wa baraza la parokia, mtu wa kuitwa mzee na watu wakubwa kuliko yeye. "Watu wangesema nini? Mama yangu anazunguka barabarani na fimbo kama anaomba chumvi? Nilidhani kukaa hakumuui mtu. Bibi zetu walikaa."

"Bibi yangu alikaa miezi minane, akiwa msichana. Halafu akazaa tisa na kufukuza ndama mpaka uzeeni. Yeye alikalishwa ili atoke. Mimi ulinikalisha ili nisitoke."

Alisema hivyo kwa hasira tu. Hakujua bado jinsi alivyolenga penyewe.

"Niletee buyu langu kutoka Bweranyange," akamalizia. "Nesi ameniandikia mikono."

Muhangi akaitika. Siku ya kwanza gari lilikuwa na kazi. Siku ya pili ufunguo wa nyumba ya Bweranyange haukuonekana. Siku ya tatu akaja na buyu jipya la kununua. Kokuhirwa hakuligusa. Akamwomba Rozi simu, akampigia Nikuze, ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwake. "Dirisha la jikoni halina komeo. Pitisha mkono ulifungue, uingie. Buyu liko juu ya dari."

Nikuze akalileta Jumamosi, limefungwa kwenye kitenge. Kokuhirwa akalipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akalifungua kizibo chake cha mti, akaingiza pua.

Sasa, buyu la maziwa lina desturi yake. Likitoka kazini linaoshwa, linafukizwa moshi wa majani, linapakwa siagi. Linapotumika hunuka moshi na mtindi, hata ukifumba macho unajua mwenye nyumba ana ng'ombe. Mchungaji alikuwa na agizo la kulitumia buyu hilo hilo ili lisipasuke. Lakini hili lilinuka vumbi na panya. Ndani lilikuwa kavu kama mfupa, na ufa mwembamba umeanza shingoni.

Kokuhirwa akanusa mara ya pili. Kisha akaliweka chini polepole sana.

"Nikuze. Hili buyu halijaonja maziwa zaidi ya mwaka."

Nikuze akatazama miguu yake.

"Bihogo yuko wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza mara moja."

"Yuko Kibingo," Nikuze akasema, na machozi yakaanza. "Yeye na wanawe wote wawili. Walichukuliwa kwenda mahari ya Tusiime."

Tusiime alikuwa mtoto wa Muhangi. Alioa Kibingo mwaka jana, na Kokuhirwa alikuwepo harusini, kwenye kochi lililobebwa mpaka chini ya turubai, akipigiwa makofi. Walimwambia ng'ombe wametoka kwa baba wa bwana harusi. Aliwasifia bila kuwaona. Alimshika Muhangi mkono akamwambia, umekuwa mwanamume.

"Aliyepewa ni mkwe wao, Mzee Nolasco, baba wa bibi harusi," Nikuze aliendelea. "Wiki moja baadaye ndipo ulipoanguka bafuni. Na kila siku ulikuwa unasema utakuja kumwona Bihogo."

"Na nesi akaniandikia kutembea."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ulijua."

Nikuze akalia kwa sauti. "Muhangi alinipa ile kona ya kibanja chako, ya karibu na kisima, nilime. Nina watoto wanne, Mama. Akasema ninyamaze mpaka akuambie mwenyewe. Ule mkungu niliokuletea..."

"Ulitoka kwenye kona hiyo."

"Ndiyo."

Kokuhirwa akalitazama lile buyu. Alikuwa ameula ule mkungu, na ulikuwa mtamu. Watu wawili aliowaamini bila kugeuka nyuma walikuwa wamekaa pamoja wakagawana, mmoja ng'ombe, mwingine udongo. Na chini kabisa, huko kiatuni, vidole vyake mwenyewe navyo vilikuwa kwenye kikao hicho hicho, vimelipwa kwa soda ya machungwa.

"Futa machozi," akasema mwishoni. "Wewe umenidanganya, lakini ni wewe uliyenivua kiatu. Sijui niyaweke wapi hayo mawili. Nenda nyumbani."

Buyu akaliziba ufa kwa utomvu, akalifukiza, akalipaka siagi ya dukani. Rozi akanunua maziwa. Kila asubuhi na kila jioni, mguu juu ya stuli, Kokuhirwa akatikisa. Mwanzoni mikono ilimlegea upesi. Wiki ya tatu alikuwa anafika saa nzima, jasho linamtiririka, na ule mlio wa maziwa ukajaa sebuleni mpaka Muhangi akawa anaizima televisheni na kutoka nje. Hakuna aliyezungumza habari ya ng'ombe. Muhangi alijua kwamba mama anajua, maana buyu lilikuwa likimwambia mara mbili kwa siku. Siagi alipewa Rozi. Chai ikawa haina sukari. Rozi alimsafisha kidonda kila siku, na siku aliyosimuliwa yote, alitoka jikoni, akachukua kreti la soda akaligawa kwa majirani, halafu hakumwandalia mumewe chakula.

Kidonda kilichukua wiki kumi kufunga. Ankunda alikikandakanda pembeni, akachoma kidole cha mkono. "Tisa," akasema, akatabasamu. "Bado, lakini umeshuka, bibi. Vidole vinasikia?"

"Havisikii."

"Huenda visirudi kabisa. Kwa hiyo kagua viatu kila unapovaa. Ila sasa tembea."

Siku iliyofuata Muhangi alimkuta mama yake mlangoni, amejifunga kitenge, fimbo mkononi. Alikuwa amegeuza viatu akavikung'uta, akaingiza mkono ndani kupapasa, ndipo akavaa.

"Nipeleke Kibingo," akasema.

Muhangi hakuuliza kwa nani. Akaendesha mpaka Kibingo, upande wa Kyerwa. Walipokaribia, kwenye njia ya kuingilia kwa Mzee Nolasco, bibi akamwambia asimamishe gari. Akashuka, akapanda kile kilima kwa miguu yake, polepole, mwanawe nyuma yake akihema, watu wa pande zote mbili za njia wakitazama na kusalimia.

Nolasco aliwapokea kwa shangwe. Kiti kikaletwa, kizuri, chenye mto. Maziwa yakaletwa kwenye chombo cha mti, maana mkwe hapokelewi kwa maji.

"Maziwa ya ng'ombe gani haya?" akauliza Kokuhirwa.

"Ya yule mwekundu, Bihogo," Nolasco akasema kwa fahari. "Ng'ombe wa mwanao. Hajatuangusha."

Muhangi akaangalia chini.

"Mzee mwenzangu," akasema bibi, akiwa bado amesimama, "huyo ng'ombe ni wangu, mama yake nilipewa na baba yangu. Alitoka kwangu bila mimi kuulizwa. Ningeulizwa, ningemtoa, kwa sababu Tusiime ni mjukuu wangu na binti yenu nampenda. Sikuja kudai. Nimekuja kumtoa yeye na wanawe kwa mdomo wangu, ili mahari yenu isiwe ya wizi." Akapokea chombo, akanywa funda moja kwa heshima, akakirudisha. "Kiti mnisamehe. Kukaa nimemaliza."

Nolasco akashika mdomo.

Walipokuwa wanateremka kuelekea garini, Muhangi alimshika mama yake kiwiko. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mawe. Umenisamehe?"

Kokuhirwa akatoa kiwiko chake. Akalipapasa daftari lililokuwa kifuani, ndani ya kitenge, mahali alipolihamishia tangu siku ile ya zahanati.

"Ng'ombe nimewatoa," akasema. "Ya miguu viulize vidole vyangu. Siku vikianza kusikia, vitakujibu."

Akaupita mlango wa gari uliokuwa wazi bila kuingia, akaendelea na barabara kwa miguu.